Bendera Ilipopita Kibuli

Kiatu cha kulia kilikuwa mkononi mwa Ajwang. Cha kushoto kilikuwa mkononi mwa mwanamume ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake, na kila mmoja alimkazia mwenzake macho kana kwamba amemfumania mwizi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la Owino, jijini Kampala, lilikuwa limefurika. Wachuuzi walipiga makofi wakiita wateja, wapagazi walipita na marobota kichwani wakipiga miluzi ili wapishwe, na harufu ya chapati ilichanganyika na ile ya ngozi kuukuu na sabuni ya kusafishia raba. Viatu vyenyewe vilikuwa vya bluu, vya kukimbilia, soli bado nene. Vilikwisha kukimbia huko Ulaya na miguu ya mtu asiyejulikana. Ajwang alipovishika alihisi, hata yeye hakujua kwa nini, kwamba vinazijua barabara ambazo yeye angezipenda.

"Kaka, nimekiona mimi kwanza," alisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiganda chake kilikuwa bado cha kununulia nyanya tu.

"Dada yangu, mimi nimekishika kabla hujakunja kona," alijibu yule mwanamume, naye kwa Kiswahili, tena kile cha taratibu chenye adabu zake. "Na kwa heshima zote, hiki ni kiatu cha kiume."

"Ni cha mwenye mguu."

Hapo hapo akavua kandambili na kuuingiza mguu wake. Kiatu kikamkaa sawasawa. Yule mwanamume naye akavua chake, akajaribu cha kushoto. Kikamkaa sawasawa. Wakatazamana miguu, kisha wakatazamana nyuso, na mwenye kibanda, Mwacholi mmoja mnene aitwaye Obwona, akaangua kicheko hadi majirani wakageuka.

"Banange! Mwanaume na mguu ya mutoto, mwanamuke na mguu ya askari! Mimi nauza mbili pamoja. Nyinyi naoana, ama naachana?"

Ajwang alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge la manjano lililobana kiunoni, nywele zake amezisuka mabutu. Tangu shule ya msingi kule Kisumu alikuwa akiambiwa kwamba kwa miguu ile angeweza kuvuka ziwa bila mtumbwi, na siku zote alikuwa na jibu la kumrudishia mtu mahali pake. Lakini huyu mwanamume alikuwa wa kwanza kujicheka mwenyewe. Alikuwa na shati jeupe la mikono iliyokunjwa, kofia ya kudariziwa, ndevu chache zilizochongwa vizuri, na macho ya mtu aliyeamka sasa hivi kutoka kwenye ndoto nzuri. Jibu la Ajwang likapotea njiani.

"Vichukue," alisema yule mwanamume. "Kwa sharti moja. Nataka nivione vikikimbia."

"Utaviona wapi?"

"Langoni mwa chuo cha Kyambogo, Jumatatu alfajiri. Usipokuja nitajua umevinunua vya kwendea harusini."

"Unaitwa nani, wewe mwenye masharti?"

"Farouk. Wa Kibuli."

"Ajwang. Wa Kisumu, ila siku hizi wa Luzira."

"Obwona," aliongeza mwenye kibanda bila kuulizwa. "Wa hapa hapa."

*

Jumatatu alikwenda, akisema moyoni kwamba ni kwa ajili ya mazoezi. Jumatano alikwenda tena, na safari hii hakujisumbua kujidanganya.

Kampala ya alfajiri ni mji mwingine kabisa. Ukungu hulala mabondeni, na kila kilima hubaki peke yake juu, taa zake chache zikiwaka, usiweze kuamini kwamba huko chini kuna barabara zilizosongamana. Wanafunzi wa Kyambogo walikuwa bado wamelala. Wale ndege wakubwa wa mji, kaloli, walikuwa wamesimama juu ya nguzo za taa wamejikunyata. Ajwang na Farouk walikimbia bega kwa bega bila kusema kitu, na kwa muda mrefu sauti pekee ilikuwa ya nyayo zao, ambazo kwa kuwa zilikuwa za kipimo kimoja zilitua kwa mlio mmoja.

Farouk alikuwa na duka la kushona kanzu aliloachiwa na baba yake. Lakini kila mwaka, katika mbio kubwa za milima ambazo huwaleta Kampala wakimbiaji kutoka pembe zote za dunia, alikuwa mshika kasi. Hiyo ndiyo kazi ya yule mtu anayekimbia na kibendera mgongoni kilichoandikwa muda. Anayetaka kumaliza kwa muda huo humfuata yeye, na hana haja ya kutazama saa.

"Kwa hiyo watu wanakuamini tu, wanafuata mgongo wako?" Ajwang alimwuliza.

"Wananiamini. Ndiyo maana mshika kasi hasimami. Akisimama yeye, wamepotea wote."

"Na mimi nikikufuata?"

"Wewe usinifuate. Wewe kaa hapa ubavuni."

Jumapili walikuwa wakishuka mpaka Port Bell, bandari ya ziwani, ambako Ajwang alifanya kazi katika kampuni moja ya kupokea mizigo. Walikaa juu ya jiwe, jasho likiwakauka, wakiitazama feri ikimeza mabehewa ya treni moja baada ya jingine.

"Haya maji yanafika mpaka kwetu," Ajwang alisema siku moja, akiuchovya mguu. "Sasa hivi mama yangu Kisumu amesikia baridi, anajiuliza ni nini."

"Kwa mguu huo? Ameshangaa ziwa limepanda."

Alimrushia maji mpaka kofia ikalowa. Farouk akaivua, akaikamua polepole, na bila kumtazama akasema, "Nakupenda, Ajwang. Nilitaka niseme kwa namna nzuri zaidi, lakini umenilowesha."

Ajwang alicheka, kisha akagundua kwamba analia. Alimpenda mtu huyu kwa moyo wake wote, na jambo hilo lilimtisha na kumfurahisha kwa wakati mmoja.

*

Basi ikawa simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula lakini sikushiba. Sauti yako ilikuwa haijafika mezani."

"Wewe nawe! Haya maneno matamu unayashona pamoja na kanzu?"

"Kanzu nauza. Haya nakupa bure."

Jioni moja Ajwang ndiye aliyepiga. "Haloo, mpenzi wangu wa mguu mdogo!"

Simu ilimkuta mezani. Vikasikika vijiko, sauti ya mwanamke wa makamo ikiomba sahani, kisha Farouk, sauti yake imekauka ghafla: "Eee, Obwona! Habari za sokoni?"

"Obwona?"

"Ndiyo, ndiyo. Vile viatu nitavipitia kesho. Msalimie mkeo, Obwona."

Siku hiyo Ajwang alicheka mpaka akajishika mbavu. Mara ya pili alitabasamu. Mvua zilipokwisha alikuwa ameshakuwa Obwona mara nyingi mno, na kila mara kitu kidogo kilimchoma chini ya titi la kushoto. Siku moja alipoazima simu ya Farouk kumpigia mwenzake wa kazini, aliona jina lake mwenyewe limeandikwa humo: Obwona Viatu.

"Farouk," alimwambia, "mama yako anajua kwamba niko duniani?"

Farouk aliinama. "Mama ni mtu wa heshima zake. Babu wa babu yangu alikuja huku na misafara kutoka pwani, na tangu siku hiyo kila bibi harusi aliyeingia nyumba ile ametoka mtaa ule ule. Wewe ni Mkristo. Ni Mjaluo."

"Na nina mguu mkubwa."

"Na una mguu mkubwa. Nipe muda kidogo, laazizi."

"Muda unao wewe, unaubeba mgongoni. Mimi nimechoka kuwa mwanamume mwenye kibanda Owino. Nilizaliwa msichana, nikapewa jina zuri, nataka niitwe hilo."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulimwumiza Farouk kuliko kelele. Akawa anachora kwa kidole juu ya meza.

"Mbio zinapita Kibuli," alisema mwishowe. "Kila mwaka mama huweka meza pale juu, penye kona ya kwenda msikitini, kitambaa cha kijani, anawagawia wakimbiaji maji. Mwaka huu nikifika pale nitasimama. Nitakungoja ufike, nikushike mkono mbele ya mama na mtaa mzima, nikutaje jina."

"Mshika kasi hasimami."

"Siku hiyo atasimama."

"Farouk, usiniahidi kitu kwa sababu leo ni jioni nzuri. Ukipita meza ile bila kusimama, usinitafute tena."

"Nikiipita," aliapa, "nisikutafute."

*

Siku ya mbio uwanja wa Kololo ulikuwa umejaa lugha. Ajwang alisimama katikati ya Wadachi waliopaka mafuta meupe puani, Wajapani waliovaa glavu, Wakenya wenzake waliotaniana kwa Kijaluo, na mama mmoja wa Mukono aliyevaa raba na gomesi, vazi la sherehe, akisema anakimbia kwa ajili ya marehemu mumewe na marehemu alilipenda gomesi. Mgeni rasmi alichelewa. Walingoja, ngoma zikapigwa, wakacheza, wakangoja tena, na jua la ikweta halikumngoja mtu. Bastola ya kuanzia ilipolia lilikuwa tayari juu ya mapaa.

Kabla ya hapo Farouk alikuwa amembana mkono, kibendera chake cha manjano kikipepea mgongoni. "Kimbia mwendo wako, usinifukuzie. Kibuli, mezani."

"Kibuli, mezani," aliitikia.

Mwanzo wa mbio ulikuwa raha tupu. Watu walijipanga barabarani na masufuria wakiyagonga. Kwaya ya kanisa moja iliimba ikiwa imesimama juu ya lori, bendi ya shule ikapiga tarumbeta, na mwanamke mmoja wa Kidachi aliyekimbia karibu na Ajwang alikuwa akitokwa machozi, akisema kwa Kiingereza kwamba huko kwao hukimbia mbele ya mifereji na bata tu. Ajwang alihisi kama anaelea. Mbele yake, juu ya vichwa vyote, kibendera cha manjano kilipanda na kushuka, na moyo wake ulipanda na kushuka nacho.

Kisha maji yakaisha. Katika kituo cha kwanza kulikuwa na chupa, katika cha pili chupa za watu wa mbele tu, na kilichofuata kilikuwa na meza, mwavuli na kijana aliyekuwa akisema samahani. Lami ilianza kutoa joto. Mjerumani mmoja alifoka kwamba amelipia mbio na amepewa jangwa. Askari aliyekuwa akizuia pikipiki njia panda alimtazama Ajwang kwa huruma.

"Dada, kimbia porepore! Kirima iko mbere!"

Kilima kilikuwa mbele kweli. Kibuli nzima ilisimama mbele yake, na msikiti wake na mapaa yake, na barabara ikipanda bila aibu. Ajwang aliinua macho. Juu kabisa, penye kona, alikiona kitambaa cha kijani, doa dogo ukingoni mwa barabara. Na kibendera cha manjano kilikuwa kinakikaribia.

Alisahau kiu. Alisahau miguu. Kibendera kilifika pale, kikapunguza mwendo, kikayumba kidogo. Sasa, alijisemea, sasa anasimama. Kibendera kikapita. Kilikunja kona na kuteremka upande wa pili wa kilima, na kilichobaki kilikuwa ni anga tupu.

Misuli ya mguu ikambana papo hapo. Ajwang alijikokota mpaka ukingoni, chini ya ukuta wa nyumba moja, akaketi mchangani na kulia kwa sauti. Wakimbiaji walimpita wakidhani analilia mguu.

*

"Vikombe safi vimekwisha, mwanangu. Kinga mikono."

Mbele yake alisimama mama wa makamo, mnene kidogo, amevaa dera la kahawia na mtandio, leso mbili mabegani. Mkono mmoja ameshika birika la plastiki, lile la kutilia udhu, na nyuma yake akina mama wengine walikuwa wakishuka mlima na mabirika yao, wanawanywesha wakimbiaji walioanguka kivulini. Mzungu mmoja alikuwa amelishika birika lake kwa mikono miwili akiliangalia kwa mshangao.

Ajwang alikinga, akanywa. Maji yalikuwa na chumvi kidogo na sukari. Yule mama akamwagia mengine kichwani taratibu, akipitisha vidole katikati ya mabutu, na Ajwang, ambaye hakuwa ameguswa na mkono wa mama tangu alipopanda basi la kutoka Kisumu, akazidi kulia.

"Mguu?"

"Mguu, na mwanamume, mama."

"Mguu tutaukanda. Mwanamume ana nini?"

Basi akasema. Huenda ni jua, huenda ni Kiswahili kile cha taratibu kilichomfungua kinywa. Alisema juu ya ahadi, juu ya meza ya kijani, juu ya bendera iliyopita. Yule mama alikuwa amepiga magoti akiukanda mguu, na mikono yake ilizidi kwenda polepole.

"Ananionea aibu," Ajwang alisema. "Nikimpigia akiwa na mama yake, unajua ananiitaje? Ananiita Obwona. Muuza viatu!"

Mikono ikasimama. "Anakuita nani?"

"Obwona, mama. Wa Owino."

Yule mama alimtazama kuanzia mabutu mpaka viatu. Mabega yake yakaanza kutikisika, birika likatikisika pamoja naye, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ajwang alitaka kukasirika. Lakini macho ya yule mama yalikuwa na maji, na hayakuonekana kuwa ya kicheko peke yake.

"Nisamehe, mwanangu. Umri huu mtu hucheka ovyo." Alivua leso moja begani, ya zambarau, pindo lake limeungua kidogo kwa pasi, akailowesha na kumfunga kichwani. "Simama. Mwanamke haachi safari yake kwa sababu ya mwanamume aliyetangulia. Kamalize. Na leso yangu utanirudishia mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Mlango wa kijani nyuma ya msikiti. Uliza kwa Maimunah."

Ajwang alisimama. Alipofika juu, meza ilikuwa pale na kitambaa chake, vikombe vitupu, wala hapakuwa na mtu nyuma yake. Hakuona ajabu, kwa kuwa hasira haina macho.

*

Alimaliza, na hilo lilimshangaza. Medali zilikuwa zimekwisha, wakampa ndizi na kumwomba radhi. Mama wa gomesi alifika nyuma yake akiimba, na yule Mjerumani, amelala chali kwenye nyasi, alikuwa akimwambia kila anayepita kwamba mwakani atarudi.

Farouk alimkimbilia, kibendera bado mgongoni, uso umemparama. "Ajwang! Ajwang, nisikilize..." Kisha akaona kichwa chake. Alisimama kama aliyepigwa na kitu. "Hiyo leso... umeipata wapi?"

Hebu fikiria. Mtu amekuvunja moyo mchana kweupe, na badala ya kukuomba msamaha anauliza habari za leso. Ajwang hakumjibu. Alimpita vile vile ambavyo bendera ilikuwa imepita meza, akachukua pikipiki na kwenda zake Luzira.

Simu ililia mpaka chaji ikaisha. Siku ya pili aliipokea mara moja tu.

"Laazizi, tafadhali..."

"Umekosea namba, kaka. Huyu ni Obwona. Viatu vimekwisha."

Akakata. Helen, mwenzake wa ofisini, alimpigia makofi na kusema hivyo ndivyo wanaume wanavyofundishwa. Ajwang alitabasamu, akaenda chooni kuosha uso. Wiki ile feri ilikuja na kwenda bila yeye kuitazama. Alfajiri aliamka saa ya Kyambogo, akalala akitazama dari, akisikia miguu yake inamwuliza mwenzake yuko wapi.

Leso ilibaki juu ya kiti. Aliifua, akaianika, akaipiga pasi akiliepuka lile pindo lililoungua. Kwao Kisumu, kama kwa watu wote waliolelewa, kitu cha kuazima hakirudi peke yake. Jumapili alinunua ngege wawili, samaki wabichi wa ziwani, pale ufukweni, akawakaanga, akawaweka katika kikapu, akafunika majani ya mgomba na juu yake akaweka leso. Alivaa gauni lile la manjano. Viatu vizuri vilimbana, kwa hiyo akavaa vile vya bluu.

*

Mlango wa kijani ulikuwa nyuma ya msikiti kweli. Alipiga hodi. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale, amevaa kanzu nyeupe na ufagio mkononi, alikuwa Farouk.

Ajwang alitazama leso, akamtazama Farouk, akatazama tena leso, na vitu vyote vikaanza kujipanga kichwani mwake polepole, kimoja baada ya kingine, birika, kicheko, meza tupu.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Ni mama yako."

"Ni mama yangu. Wiki nzima hajaniambia neno. Ananipa ufagio tu." Macho yale ya ndoto yalikuwa mekundu. "Ajwang, sina haki ya kujitetea. Nilifika mezani, nikakuta hayupo, alikuwa ameshuka kuwanywesha watu. Nilimpita njiani bila kumwona. Ningeweza kusimama nikakungoja hata hivyo. Lakini nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba hayupo. Nilipofika chini upande wa pili ndipo nikaelewa nimefurahia nini, na aibu ikanishika mpaka leo."

Ajwang hakutegemea ukweli mchungu namna ile. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kwa uongo alikuwa na majibu mengi.

Sauti ikatoka ndani, karibu na jiko. "Farouk! Ni nani huyo mlangoni?"

Farouk alifungua kinywa. Nje majirani wawili walikuwa wakianika nguo, na mikono yao ilisimama kambani. Kulikuwa na majibu mepesi ya kutosha: mgeni wako, mtu wa leso, dada mmoja. Ajwang alimtazama bila kumsaidia. Kama jibu lingekuwa jepesi angeweka kikapu chini na kuondoka, na safari hii hata miguu yake ingenyamaza.

Farouk aliutupa ufagio.

"Ni Ajwang, mama!"

"Nani? Sisikii!"

"Ajwang!" alipaza sauti, akatoka nje kabisa mpaka juani. "Ajwang wa Kisumu! Hajawahi kuwa Obwona hata siku moja, nilikudanganya! Ni Mkristo, ni Mjaluo, nampenda, na kama atanikubali nataka kumwoa, na kama hanikubali nimestahili!"

Jirani mmoja aliacha shuka likaanguka mchangani. Ndani nyayo za kandambili zikaja taratibu. Bi Maimunah alisimama kizingitini akifuta mikono.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani nimezaa bubu. Mwaka mzima muuza viatu anampigia mwanangu simu, na mwanangu anacheka mpaka anazika uso kwenye mto wa kulalia. Nikajisemea, huyu Obwona ama ni mchekeshaji, ama si Obwona." Akamgeukia Ajwang, na utani ukapungua usoni. "Sikufichi, mwanangu. Wajomba zake watanuna, na baba yako huko Kisumu atauliza maswali yake, na ana haki. Dini ni jambo la kuongea tukiwa tumekaa, si mlangoni. Mimi mwenyewe nilikuwa na msichana wangu wa mtaani niliyetaka amwoe. Halafu nikakukuta umekaa mchangani unalia kwa ajili ya mwanangu, na nilipokwambia simama, na mguu unauma, ukasimama ukaenda. Nimekuwa nikikungoja tangu siku hiyo."

Ajwang alimpa kikapu kwa mikono miwili, akikunja goti. Bi Maimunah aliinua leso, akainusa.

"Imerudi na harufu ya ziwa," alisema, akaitupa begani.

"Ajwang," Farouk aliita, sauti imeshuka. "Hujanijibu."

"Nitakujibu nikishavua viatu."

Aliinama, akafungua kamba bila haraka, akimwacha angoje, kwa maana mtu aliyezoea kubeba muda mgongoni alistahili kuusikia uzito wake. Kizingitini kulikuwa na viatu vya Farouk. Alivisogeza, akaviweka vyake ubavuni, na vilikuwa sawa kwa urefu, kisigino kwa kisigino.

"Ndiyo," alisema. "Lakini ukiniita tena Obwona nakwenda kuolewa na mwenye jina."

Farouk alicheka na kulia kwa pamoja. Alinyoosha mkono kumshika, akaukumbuka mtaa, akamkumbuka na mama, kisha akamshika hata hivyo. Bi Maimunah aliwatazama, akatazama na zile jozi mbili za viatu pale chini, akatikisa kichwa.

"Ingia, Obwona," alisema. "Chakula kinapoa."